Viko vya Kifaransa Vilivyolala Stoo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya anayeanza kukusanya viko vya tumbaku vilivyotengenezwa Ufaransa zamani na ambavyo havikuwahi kupata mnunuzi. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo watu hupoteza pesa, na kwa ufupi pale ambapo jambo lenyewe ni dogo. Kote humu bori ni sehemu inayotiwa tumbaku, shingo ni mti unaotoka kwenye bori, na mrija ni kipande kinachoingia mdomoni.

Kiko kilicholala stoo ni kiko cha namna gani hasa?

Ni kiko kilichomalizwa kiwandani miaka mingi iliyopita, kikapelekwa dukani au kikabaki ghalani, na hakuna aliyekinunua. Duka likafungwa, mwenye duka akafariki, kiwanda kikafa, na maboksi yakakaa darini mpaka warithi walipoyafungua. Hakijaona tumbaku wala moto.

Hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu sokoni jina hilohilo hubeba vitu vitatu. Cha kwanza ni hicho nilichoeleza: kiko kamili, mti wa zamani na mrija wa zamani, vilivyounganishwa enzi ileile. Cha pili ni bori la zamani lililokutwa kiwandani bila kumalizwa, likatiwa mrija na kung'arishwa miaka ya karibuni. Baadhi ya viko vinavyouzwa sasa kwa jina la Ropp, kiwanda nitakachokieleza hapo chini, ni vya namna hii, na muuzaji mwaminifu husema hivyo waziwazi. Ni viko vizuri, ila ni kazi ya vizazi viwili, na mkusanyaji anatakiwa kuandika hivyo kwenye daftari lake. Cha tatu ni kiko kilichovutwa, kikakwanguliwa, kikapigwa rangi na kupewa sifa ya upya. Hicho si mzigo uliolala hata kidogo.

Kwa nini jina la Saint-Claude linajirudia kila mahali?

Saint-Claude ni mji mdogo wa milimani katika eneo la Jura, mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Kabla ya viko, watu wake tayari walikuwa mafundi wa kukereza mbao: walitengeneza rozari na vitu vidogovidogo vya kuwauzia mahujaji waliokuja kuzuru masalia ya Mtakatifu Claude, na maji ya mito Bienne na Tacon yalizungusha mashine zao. Katikati ya miaka ya 1850 wakaanza kukereza nundu ya mzizi wa bruyère, kichaka cha pwani za Mediterania. Nundu hiyo ni ngumu, nyepesi kiasi, na haishiki moto kwa urahisi. Haukupita muda mrefu, udongo na mbao nyingine zikaachwa nyuma.

Nundu huchukua miongo kukomaa chini ya ardhi. Ilichimbwa Corsica, Algeria, Calabria na kwingineko, ikakatwa vipande, vipande vikachemshwa kwa saa nyingi ili utomvu na tanini vitoke, kisha vikakaushwa kwa miezi kabla fundi hajavigusa. Kiwandani kazi iligawanywa hatua kwa hatua: huyu anatoboa bori, yule anakereza shingo, mwingine anapachika mrija, na ung'arishaji ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake. Unaposhika kiko cha kawaida cha dukani, umeshika kitu kilichopita mikononi mwa watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kukitunza, hata kama hakina chapa kubwa.

Soko lilipohamia kwenye sigara, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mzigo tunaouona leo umetoka humo.

Nianze na majina gani?

Ropp ni mlango mzuri wa kuingilia. Eugène-Léon Ropp alipata hataza ya kiko cha mti wa mcheri mwaka 1869, na kiwanda chake kikaja kutulia Baume-les-Dames. Kilifunga milango mwaka 1991. Shika kiko chake kimoja cha mcheri ukitazame: gamba la mti limeachwa lilivyo, lina mistari mifupi ya mlalo na mng'ao mwekundu uliofifia, kitako kimekatwa bapa ili kiko kisimame mezani chenyewe, na shingo ni kijitawi chenye gamba lake, kimeskrubiwa ubavuni mwa bori. Hakuna kilichofichwa. Kikiwa hakijavutwa, ndani ya bori utaona mti mweupe unaoelekea uwaridi, na duara za mwaka za mti wenyewe.

Butz-Choquin ilianzia Metz mwaka 1858, kisha mwaka 1951 ikanunuliwa na kampuni ya Berrod-Regad ya Saint-Claude. Chacom ni jina lililounganisha familia mbili, Chapuis na Comoy, na bado linatengeneza viko Saint-Claude. GBD ilianzishwa Paris mwaka 1850 na Ganneval, Bondier na Donninger. Jeantet na Vuillard utazikuta pia, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ubora wake.

Msomaji asishangae akikuta kiko chenye jina la Kiingereza ambacho bori lake limezaliwa Jura. Akina Comoy walitengeneza viko Saint-Claude tangu 1825, na Henri Comoy ndiye aliyehamia London mwaka 1879 na kufungua kiwanda huko.

Halafu kuna viko visivyo na jina, vimegongwa tu "Bruyère Garantie" au "Vieille Bruyère". Hayo si majina ya viwanda. Yanasema mti ni bruyère, basi. Ushauri wangu ni kwamba viko vitano vya namna hii, vyenye boksi na lebo zake, vitakufundisha mengi kuliko kimoja cha chapa maarufu kilichokuja mikono mitupu.

Nitajuaje kwamba kiko hakijawahi kuwashwa?

Anza na sakafu ya bori. Washa tochi ya simu uangalie chini kabisa. Kiko kisichowashwa kitakuonyesha moja kati ya mambo mawili: mti mtupu wenye alama za duara zilizoachwa na kekee, au rangi ya kiwandani, nyeusi au ya kijivu, ambayo watengenezaji wengi walipaka ndani ili kulinda mti. Rangi hiyo huwatisha wanaoanza, wakadhani ni masizi. Tofauti ni hii: rangi ya kiwandani ni nyembamba na imelala sawasawa kutoka juu hadi chini, wakati masizi hujikusanya, hukwaruza kidole, na mara nyingi ukingo wa bori huungua zaidi upande mmoja, ule uliokuwa ukielekezwa kiberiti.

Kisha tafuta tundu la hewa pale chini linapofungukia ndani ya bori. Hili ndilo shahidi bora kuliko wote. Anayefufua kiko kilichovutwa anaweza kukwangua kuta za bori mpaka zikawa kama mpya, lakini kingo za lile tundu hazifikiki kwa urahisi. Likiwa safi, kingo zake ni kali na zina rangi ya mti. Likiwa limepitisha moshi, lina pete ya kahawia au nyeusi inayoingia mpaka ndani ya mti.

Pitisha waya wenye pamba kutoka mdomoni hadi kwenye bori. Utoke mweupe, au na vumbi tu. Ukitoka na umanjano au ukahawia, maliza mazungumzo.

Sasa toa mrija. Usiuvute kwa nguvu wala kuuyumbisha. Uzungushe polepole upande mmoja huku umeshika shingo, si bori. Mti uliokaa miaka mingi unaweza kuwa umevimba, na ulimi wa mrija, yaani ile ncha inayoingia kwenye shingo, ukikatikia ndani umepoteza nusu ya thamani. Ukisita, weka kiko mahali pakavu kwa siku kadhaa ujaribu tena. Ulimi wa kiko kisichovutwa ni safi, na ndani ya shingo mti una rangi hafifu. Kama kuna kipande cha chuma cha kupoza moshi, kinaweza kuwa kimefifia kwa umri, lakini hakitakuwa na lami.

Angalia mdomo wa mrija: alama za meno hazina maelezo mengine. Angalia pia maandishi yaliyogongwa. Kwenye kiko kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani, herufi zina kingo kali na rangi imekaa ndani ya mifereji yake. Msasa wa mfufuaji hula kwanza kingo hizo, na neno "Saint-Claude" huanza kuonekana kama limelowana.

Mwisho, nusa. Tumbaku haiachi mti hata baada ya miongo.

Ukinunua kwa picha tu, omba picha nne: bori kutoka juu kwenye mwanga wa mchana, ncha ya ulimi wa mrija, maandishi ya pande zote mbili mwanga ukiwa umelala ubavuni, na ule waya wenye pamba baada ya kupitishwa. Muuzaji anayekataa ya nne amekujibu tayari.

Nitakadiriaje umri wake?

Kiko chenyewe husema kidogo. Boksi, lebo na risiti husema mengi. Ndiyo maana nawasihi watu wasitupe kikaratasi chochote.

Lebo ya bei ni hazina. Tarehe 1 Januari 1960 Ufaransa ilibadilisha faranga: faranga 100 za kale zikawa faranga 1 mpya. Kiko cha kawaida chenye lebo ya mamia ya faranga au zaidi ya elfu kilipangwa dukani kabla ya hapo. Lebo yenye herufi "NF", yaani "nouveau franc" au faranga mpya, ni ya miaka michache tu, kwa sababu alama hiyo iliachwa mwanzoni mwa 1963. Bei ndogo ya faranga bila herufi hizo mara nyingi huangukia kati ya hapo na mwisho wa 2001, kwani yuro ilianza kutumika mkononi Januari 2002.

Anwani nayo husema. Posta ya Ufaransa ilianza kutumia tarakimu tano mwaka 1972. Boksi lililochapishwa "39200 Saint-Claude" au "25110 Baume-les-Dames" haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo. Simu zilikuwa na tarakimu nane kuanzia Oktoba 1985 na kumi kuanzia Oktoba 1996. Kumbuka tu kwamba lebo na boksi hutaja wakati kiko kilipowekwa sokoni. Kiwanda kilichokuwa na mabori ya ziada kiliweza kuyatia boksi jipya baadaye.

Kwa upande wa kiko chenyewe, tazama mrija. Ulimi wa mfupa wenye skrubu ni dalili ya kiko cha zamani sana. Akriliki ni ya miaka ya karibuni zaidi, hasa kuanzia miaka ya 1970. Pembe inahitaji tahadhari: ilitumika karne ya 19, lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili mpira ukawa adimu na mafundi wakairudia. Kwa hiyo mrija wa pembe peke yake hauthibitishi kwamba kiko ni cha babu wa babu.

"Made in France" kwa Kiingereza maana yake kiko kililengwa kuuzwa nje.

Mrija umegeuka kahawia yenye ukijani. Nimedanganywa?

Hapana, si lazima. Mirija mingi myeusi ni ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa. Mwanga na hewa huitoa salfa juu, rangi ikafifia na ladha ikawa chungu. Kiko kilichosimama miaka 30 kwenye kabati la kioo la duka kitakuwa hivyo upande uliotazama dirisha, hata kama hakuna mdomo uliowahi kukigusa. Nimeshika viko ambavyo upande mmoja wa mrija ni mweusi wa kung'aa na mwingine ni wa rangi ya matope. Kwangu huo ni ushahidi kwamba kiko kilisimama mahali pamoja muda wote.

Je, usafishe? Kama unakihifadhi, acha. Kama umeamua kusafisha, tumia msasa mlaini kabisa uliolowana na kisha dawa ya kung'arisha, na usiguse mahali penye nembo.

Na mirija ya pembe?

Adui yake ni mdudu. Mabuu ya mbawakawa wadogo wanaokula ngozi na manyoya hutoboa pembe vilevile, na kiko kimoja kilichoingia na mayai kinaweza kuharibu boksi zima. Kila kiko cha pembe kinachoingia kwako kitengwe kwanza kwenye mfuko wake wiki kadhaa, ukiangalia kama kuna unga mweupe chini. Pembe nzuri ukiinua kwenye dirisha hupitisha mwanga wa asali iliyochanganyika na moshi, nyuzi zake zikionekana kwa urefu wa mrija. Ikikauka kupita kiasi huanza kuachana matabaka. Tone la mafuta ya madini mara mojamoja linatosha.

Nimeona viraka kwenye mti. Ni kasoro?

Nundu ya mzizi hukua ikimeza mchanga na vijiwe, kwa hiyo mashimo madogo ni ya kawaida. Kiwanda kiliyaziba kwa lipu na kupaka rangi. Kwa kiko cha bei nafuu ni jambo la kawaida kabisa. Kwa kiko cha daraja la juu, kiraka ni sababu ya kuteremsha bei.

Wauzaji wanasema mti uliokauka miaka 50 ni bora. Ni kweli?

Mti ukishakauka vizuri, umekauka. Sijaona sababu ya kulipia miongo ya ziada kana kwamba ni dhahabu. Lipia kazi ya fundi, hali ya kiko, na karatasi zake. Vivyo hivyo kwa "mti wa Algeria": ulitumika kweli na kwa wingi, lakini kiko kisichogongwa neno hilo hakitambuliki kwa kutazamwa tu.

Vipi viko vya udongo?

Ni ulimwengu wake, na ni mzuri sana. Gambier wa Givet, eneo la Ardennes, na Fiolet wa Saint-Omer walifinyanga mamilioni kwa kalibu, vingi vikiwa na vichwa vya watu. Maarufu kuliko vyote ni Jacob wa Gambier, mzee mwenye ndevu na kilemba. Usipotoshwe na chapa ya "Gambier à Paris". Duka lilikuwa Paris, kiwanda Givet. Kujua kama kimevutwa ni rahisi: udongo mweupe hunywa moshi na kugeuka kahawia, na weupe huo haurudi kwa kufutwa tu.

Vinapatikana wapi?

Ufaransa kwenyewe, kwenye magulio ya vitu vya mitumba yanayoitwa brocante na vide-grenier, na kwenye minada ya mali za marehemu. Mtandaoni utavikuta kwenye eBay na Leboncoin. Tafuta kwa Kifaransa, "pipe neuve ancienne" au "stock ancien", kwa sababu wengi wanaouza mali ya duka la babu yao hawaandiki Kiingereza. Nunua kwa mkupuo ukiweza: mtu anayeondoa stoo anapendelea kuuza boksi zima kuliko kupiga picha kiko kimoja kimoja. Ukifika Saint-Claude, jumba la makumbusho la viko na almasi litakunyoosha jicho kabla hujatoa senti.

Mimi sivuti. Naweza kukusanya?

Ndiyo, na pengine wewe ndiye mlinzi mzuri zaidi. Moshi wa kiko huleta saratani ya kinywa, koo na mapafu, hata kwa asiyeuvuta mpaka ndani. Kwa upande wa mkusanyo, njiti moja tu inatosha kukiondoa kiko kwenye kundi hili milele.

Naishi pwani. Unyevunyevu utaviharibu?

Utaviharibu ukivifungia kwenye plastiki. Mombasa, Tanga au Zanzibar, ukungu hupenda boksi la karatasi lililobanwa ukutani. Weka kwenye kabati lenye hewa, mbali na ukuta wa nje na mbali na jua, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo utavibadilisha. Mrija uuchomoe kidogo ili ulimi usibanwe na mti unaovimba. Ukungu wa juu ufutwe kwa kitambaa kikavu. Maji hapana.

Kuagiza kunahitaji nini?

Viko viko chini ya kundi la forodha 9614. Mwambie muuzaji aandike kwamba ni viko vitupu, bila tumbaku, na mwulize wakala wako ushuru kabla ya kulipa.

Jambo zito ni pembe za ndovu. Baadhi ya viko vya karne ya 19 vina pete au mdomo wa pembe ya ndovu, na tangu uamuzi wa mwaka 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara yake kati ya nchi na nchi imezuiwa. Pembe ya ng'ombe haina tatizo, lakini ofisa akiona neno "ivoire" kwenye maelezo hatakuwa na sababu ya kukusikiliza. Kiko chenye ndovu kiache hukohuko.

Nimepata kiko kilichogongwa "Kiko" na picha ya tembo. Ni cha Kifaransa?

Hicho ni cha nyumbani. Kilitengenezwa na Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha, kwa sepiolaiti, lile jiwe jeupe jepesi la upande wa Amboseli. Kina mkusanyo wake unaostahili, na ningefurahi kuona vijana wa Arusha wakiufanya kabla havijaishia nje vyote.

Nimepata kadi nzima ya duka, viko vyote vimefungwa kwa lastiki. Nivitoe?

Acha. Kadi kama hiyo ilining'inizwa nyuma ya kaunta ya muuza tumbaku, na nyingi zilivunjwa kadiri viko vilivyouzwa. Iliyobaki kamili inaonyesha maumbo ambayo kiwanda kiliona wateja wanayataka, kwa mpangilio wake, na bei zake. Piga picha pande zote mbili, nakili kila neno lililochapishwa, kisha tazama lastiki: ikiwa imeanza kuyeyuka na kunata, itaacha mstari mweusi kwenye vanishi ya mti. Hapo ikate kwa mkasi, ifute, na ufunge upya kwa uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale. Vipande vya lastiki ya zamani vitie kwenye bahasha, uiandike, uiweke nyuma ya kadi.